Samaki wa leo Unguja: mwongozo kamili kutoka dikoni hadi sahani

Mgeni akishuka bandarini Unguja huuliza mgahawa: wapi wanapika samaki mzuri? Mwenyeji anayejua kula haanzi hapo. Anaanza na bahari. Maji yanakupwa saa ngapi, mwezi una siku ngapi, upepo unatoka wapi. Akishayajua hayo, anajua aende pwani ipi, saa ngapi, na amtafute samaki gani. Mgahawa unakuja mwisho, na mara nyingi hujichagua wenyewe.

Mwongozo huu ni wa msafiri wa kawaida aliyetoka Dar, Dodoma, Nairobi au Kampala, pengine amekulia kwa sato na sangara, ana siku chache kisiwani na hataki kulipa pesa nyingi kwa kitu kilicholala kwenye friza tangu mwezi uliopita. Ukienda Pemba au Mafia unaweza kuufuata vilevile. Majina ya masoko tu ndiyo yatakayobadilika.

Hatua ya 1: Soma mwezi kabla ya kusoma menyu

Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zinasogea mbele kwa dakika kama 50. Hilo peke yake linatosha kukueleza kwa nini muuza pweza uliyemkuta jana saa sita mchana leo hayupo pale saa hiyo hiyo. Hajachelewa. Anafuata maji.

Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana. Hilo ndilo bamvua. Tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa inaweza kufika karibu mita 4, na pwani ya mashariki, kuanzia Matemwe hadi Jambiani, bahari hurudi nyuma mpaka kwenye mwamba na kuacha uwanja mpana wa mchanga, majani na mawe. Siku za mwezi nusu maji hayaendi mbali: hayo ni maji mafu. Wavuvi wengi huhesabu kwa mwezi wa Kiislamu, kwa hiyo ukimuuliza mzee yeyote pwani "leo mwezi ngapi?" utajibiwa papo hapo, na utakuwa umepata jibu la nusu ya maswali yako.

Sasa uyaweke hayo kwenye sahani. Pweza ni kitoweo cha bamvua. Maji ya asubuhi yanapokupwa kabisa, na kwa Unguja siku za bamvua hiyo huwa ni kati ya saa nne na saa tano, kina mama huingia mwambani na mchokoo, ile fimbo ya chuma au mti, wakichungulia shimo moja baada ya jingine. Wanaume nao huzamia kwa miwani upande wa kina zaidi. Maji yakianza kurudi, wote hutoka. Kwa hiyo pweza mbichi kabisa wa pwani ya mashariki anafika mchangani karibu na adhuhuri, na mchuuzi mwenye baiskeli au pikipiki yuko pale anamsubiri. Ukimtaka kabla hajapelekwa mjini au kwenye hoteli kubwa, uwepo saa hiyo.

Dagaa na vibua wana hesabu yao. Hawa huvuliwa usiku kwa nyavu kubwa na taa, na taa hufanya kazi kukiwa na kiza. Mbalamwezi ikiwaka, samaki hawakusanyiki chini ya taa na boti nyingi hupumzika. Ukiunganisha mambo mawili haya unapata kanuni nzuri: mwezi mwandamo unakupa pweza na dagaa pamoja, mwezi mpevu unakupa pweza, lakini vibua vitakuwa vichache na ghali. Siku za maji mafu tegemea samaki wa mshipi, yaani uzi na ndoana, na wa madema, ile mitego ya kusukwa: changu, chewa, tasi, pono.

Hatua ya 2: Upepo nao una upande wake

Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi, kusi kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba, na kusi lenyewe hushika nguvu Juni hadi Agosti. Wakati huo pwani ya mashariki na kusini hupigwa moja kwa moja, na ngalawa ndogo hukaa mchangani siku nzima. Usishangae kufika Makunduchi ukaambiwa "leo bahari mbaya." Geukia magharibi, upande uliokingwa na kisiwa chenyewe: Malindi, Bumbwini, Mkokotoni. Kaskazi likikaza, Nungwi na kaskazini mashariki ndiko kunakochafuka zaidi.

Masika, Aprili na Mei, hoteli nyingi za kitalii za ufukweni hufunga. Masoko hayafungi. Kwa maoni yangu huo ni msimu mzuri kwa mla samaki mwenye mwavuli: watu wachache, wachuuzi wana muda wa kuzungumza.

Hatua ya 3: Chagua diko au soko

Diko ni pale vyombo vinapofikia na samaki kushushwa. Soko ni pale anapokwenda baadaye. Kadiri unavyosogea kutoka sokoni kuelekea dikoni, ndivyo unavyopunguza saa kati ya wewe na bahari, lakini unapunguza pia uchaguzi.

Malindi, jirani kabisa na bandari ya boti za Dar, ndipo pa kuanzia kwa anayelala Mji Mkongwe. Pana diko na soko la samaki katika jengo jipya lililojengwa kwa msaada wa Japani. Boti za usiku huanza kuingia alfajiri, na kati ya saa kumi na mbili na saa mbili asubuhi pana shughuli kweli kweli: makasha ya vibua, jodari waliobebwa begani, barafu inayosagwa, watu wakipiga kelele za "njia! njia!" Vaa viatu visivyoogopa maji.

Darajani, ambako watu wazima bado wanaita Marikiti, ni soko la mwaka 1904 na ndilo linalopigwa picha zaidi. Ukumbi wake wa samaki una kila kitu kwa pamoja: papa, taa (yule samaki bapa mwenye mkia mrefu), nguru wa kukatwa vipande, ngisi, kamba. Uzuri wa Darajani ni kwamba samaki amezungukwa na vyote anavyovihitaji. Hatua chache tu na umepata ndimu, nazi, pilipili, ukwaju na bizari. Ubaya wake ni joto. Kufika saa tano jua limepanda, samaki aliyeletwa saa moja amekwishakaa muda mrefu juu ya meza ya saruji. Nenda mapema au usiende. Wakazi wengi wa ng'ambo ya mji hununua Mwanakwerekwe, ambako mtalii haonekani sana na bei hazijui Kiingereza.

Shamba sasa, yaani nje ya mji. Mkokotoni, kaskazini magharibi, inatazamana na kisiwa cha Tumbatu, na Watumbatu ni wavuvi hodari. Ni soko la kazi, halina mapambo. Upande huu wa magharibi ndiko pia dagaa huchemshwa na kuanikwa kwa wingi, na wanunuzi kutoka Congo huja kuwachukua kwa magunia. Nungwi ina mnada wa ufukweni, mita chache kutoka wanapoundia majahazi, na hapo utapata samaki wakubwa wa maji ya nje: jodari, nguru, nduaro. Kizimkazi, kusini, ni pazuri kwa pweza na samaki wa mwambani. Vijiji vya huko vimezoea kufunga baadhi ya miamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, kisha kuifungua. Ukibahatika kuwa hapo siku ya kufungua, utaona pweza wa ukubwa ambao hujawahi kuuona.

Chwaka inastahili neno la ziada. Ghuba yake ni ya kina kifupi, maji yakikupwa vyombo vinakaa juu ya matope. Kwa hiyo mnada wa Chwaka hufuata maji kujaa: chombo hakiwezi kuingia kabla. Ukienda kwa kufuata saa ya ukutani utakuta ufuko mtupu na mbuzi. Piga hesabu ya maji, fika saa moja kabla hayajajaa, kaa chini ya mti, subiri matanga ya vyombo.

Kufika si kazi. Daladala za shamba zina namba: 116 kwenda Nungwi, 206 Chwaka, 326 Kizimkazi, 309 Jambiani. Ulizia kituo siku hiyo hiyo, maana vituo vya mjini vimehamahama. Na ujue daladala ya kurudi jioni huisha mapema kuliko unavyodhani.

Hatua ya 4: Simama mnadani bila kuwa kero

Mnada huenda kasi. Samaki wakubwa huuzwa mmoja mmoja, wa kati kwa mtungo, wadogo kwa fungu au kwa ndoo. Dalali husimama katikati, anataja bei ya kuanzia, wachuuzi wanapandisha kwa neno, kwa kidole, wakati mwingine kwa kuinua nyusi tu. Kisha dalali anamtupa samaki miguuni kwa aliyeshinda na kwenda kwa mwingine. Ushuru wake hukatwa humo humo.

Unaruhusiwa kushindana, hakuna atakayekuzuia. Lakini wachuuzi wanajuana, wanajua bei ya jana na ya juzi, na mgeni akiingia bei hupanda kwa furaha ya wote isipokuwa yeye. Njia ya busara ni mbili. Ya kwanza: subiri mnada wa samaki unayemtaka uishe, umfuate mchuuzi aliyemnunua kabla hajafunga mzigo. Umesikia bei aliyolipa. Muongezee kidogo, naye amepata faida bila kuendesha baiskeli mpaka mjini. Ya pili: kabla mnada haujaanza, mwombe mchuuzi mmoja akununulie, mkubaliane atakachopata.

Salamu kwanza. Hapa "Assalaam aleikum" inafungua milango, na mzee apewe "shikamoo" yake. Kisha maneno kama haya:

"Ami, huyu changu wa leo?"

"Wa leo leo, baba. Mfunue mwenyewe umuone."

Akikuambia mfunue, mfunue. Muuzaji mwenye samaki wa leo anataka umkague. Anayekuharakisha, anayemgeuza samaki upande mmoja tu, au anayemmwagia maji kila ukisogea, muage kwa heshima.

Picha piga baada ya kuomba, hasa kwa kina mama wanaotoka mwambani. Na vaa nguo za kuingia sokoni. Diko ni mahali pa kazi katika kijiji cha Waislamu, hata kama hoteli yenye watu waliovaa chupi za kuogelea iko mita mia mbili tu kutoka hapo.

Hatua ya 5: Mkague samaki kwa vidole

Jicho ndilo linalotazamwa na kila mtu: liwe limejaa, liking'aa, jeusi katikati. Likiwa limezama au lina ukungu, samaki amekaa. Ila jicho linaweza kudanganya kwa samaki aliyewekwa moja kwa moja juu ya barafu, kwa hiyo usiishie hapo. Funua mashavu. Ndani pawe pekundu la damu, pana utelezi mwembamba na hapana harufu kali. Rangi ikielekea hudhurungi au kijivu, mrudishe. Bonyeza mgongoni kwa kidole gumba: nyama irudi mara moja. Alama ya kidole ikibaki, umepata jibu. Tumbo liwe gumu, maana tumbo huanza kuharibika kabla ya kitu kingine, na samaki aliyepasuka tumbo mwenyewe hata bei ikishuka usimchukue. Harufu iwe ya bahari, ya mwani. Samaki mbichi hanuki samaki.

Pweza mbichi hubadilika rangi ukimgusa, madoa yanakuja na kwenda chini ya ngozi, na vikombe vyake hushika kidole. Akishapitwa na saa chache rangi hutulia lakini ngozi bado iwe na mng'aro, isichubuke. Usimdharau pweza uliyemkuta akipigwa juu ya jiwe. Ndivyo anavyolainishwa, na kazi hiyo ukiikuta imekwisha kufanywa umeokolewa jasho. Ngisi atazame rangi ya nyama: nyeupe kama maziwa na madoa ya zambarau juu yake. Akishaanza kuwa wa waridi mwili mzima, amechelewa. Kamba akiwa mweusi kichwani na kichwa kikaanza kuning'inia, mwache. Kaa na kamba kochi wanunuliwe wakiwa hai: mnyanyue kamba kochi, mkia ujikunje kwa nguvu. Na ukikuta mayai yamejaa chini ya tumbo lake, mwachie bahari; jike mmoja ana kizazi kizima pale.

Samaki mkubwa aliyekwisha kukatwa vipande ni mtihani wa peke yake, kwa kuwa jicho na mashavu havipo. Kipande cha nguru kiwe kinang'aa, damu yake karibu na mfupa iwe nyekundu, si kahawia. Jodari awe mwekundu ulioiva, asiwe na rangi za upinde wa mvua juu ya nyama. Mimi nikiona nusu ya jodari inauzwa husubiri nusu ya pili ikatwe mbele yangu.

Ukishanunua, usihangaike na magamba. Karibu kila soko lina vijana na kina mama wa kupara: unawapa samaki, wanakuuliza "wa kukaanga au wa mchuzi?", na kwa pesa kidogo anarudi amepasuliwa, ametolewa matumbo na kukatwa unavyotaka. Waambie wakuachie kichwa cha chewa. Anayekitupa hajawahi kunywa supu yake.

Kikapu beba mwenyewe. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2006, kabla ya bara, na ukikosa kikapu utauziwa pakacha la makuti, ambalo kwa samaki ni zuri kuliko mfuko wowote.

Hatua ya 6: Vitu ambavyo haviliwi

Sehemu hii isomwe polepole.

Kasa. Kumuua ni kosa kisheria, na nyama yake inaweza kuua. Machi 2024 huko Kisiwa Panza, Pemba, watoto 8 na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula kasa, na watu 78 walilazwa. Mwaka 2021 watu 7 walikuwa wamefariki Pemba kwa sababu hiyo hiyo. Hakuna namna ya kumpika ikaondoa sumu, na hakuna dalili ya kukuonyesha kasa yupi anayo. Ukialikwa, kataa, na mwombe aliyekualika naye asile.

Bunju, yule samaki anayejijaza upepo, ana sumu ya aina nyingine, kali vilevile. Hutamkuta kwenye meza ya mchuuzi mwenye akili, lakini watoto humpata mwambani.

La tatu ni la kila siku na ndilo linalowapata wageni wengi. Jodari, vibua na nguru wakikaa juani bila barafu, nyama yao hutengeneza histamini. Joto la jiko haliiondoi, wala kukaanga, wala ndimu. Mtu anakula samaki anayeonekana mzima, baada ya dakika chache uso unawaka, kichwa kinauma, moyo unakwenda mbio, wengine wanaharisha. Watu husema "nina mzio na samaki," kumbe samaki alikuwa na mzio na jua. Kwa jamii hii ya samaki barafu ni lazima, na kipande kinachowasha ulimi kama pilipili ambayo haipo, kitemwe.

Hatua ya 7: Sasa mgahawa

Kipimo changu ni swali moja, liulizwe kabla ya kukaa: "Leo mna samaki gani?" Mahali pazuri patajibu kwa ufupi. "Leo kuna changu na ngisi, pweza wamekwisha." Kaa hapo. Mahali panapokusomea orodha ya samaki wote wa Bahari ya Hindi, kila siku, kusi na kaskazi, pana friza kubwa. Friza si dhambi, na pweza wala hadhuriki na kugandishwa, tena hulainika. Lakini usilipie bei ya mbichi.

Swali la pili: "Naweza kumuona?" Kwenye migahawa ya ufukweni samaki mzima hupimwa kwa kilo, kwa hiyo mchague, apimwe mbele yako, bei itajwe kabla moto haujawashwa, na uulize kama wali na mboga vimo ndani ya bei hiyo. Ugomvi karibu wote wa bili huanzia hapa.

Kwa chakula cha mchana cha kienyeji tafuta hoteli ndogo ambako madereva na makarani wanakula. Mji Mkongwe, Lukmaan pale Mkunazini ni maarufu kwa wenyeji na wageni. Vyakula vimepangwa mbele yako, unaonyesha kwa kidole: wali wa nazi, mchuzi wa samaki, pweza wa nazi, mchicha. Vijijini itakubidi uulize nani anapika leo, na pengine jibu litakuwa baraza ya nyumba ya mtu yenye meza mbili. Mama ntilie wa karibu na diko ndiye mpishi ninayemwamini kuliko wote, kwa sababu rahisi: ananunua asubuhi kwa pesa ya jana, hana friza, na sufuria lazima iishe. Fika saa saba. Saa tisa utakuta anaosha vyombo.

Agiza samaki kulingana na siku. Changu mkaange au mchome. Kolekole au chewa mbichi, mwombe wa kupaka: anachomwa, halafu anapakwa tui zito lenye ukwaju, pilipili na kitunguu thomu, anarudishwa motoni mpaka tui lishike. Kibua cha kukaanga na muhogo wa nazi ni chakula ambacho menyu za kitalii hazikijui. Papa na ng'onda, yaani samaki wa kukaushwa, ni vya mchuzi mkali, kwa anayevipenda.

Forodhani usiku ni maonyesho kuliko ni jiko, na nakushauri uende kwa roho hiyo. Meza zimejaa mishikaki ya samaki, makucha ya kaa, pweza, vyote vimekwisha kupikwa mchana na hupashwa ukiagiza. Nenda mapema, mara tu baada ya magharibi, uliza bei ya kila kijiti kabla hakijagusa moto, na ule pale walipojazana Wazanzibari. Binafsi hapo hunywa maji ya miwa yenye tangawizi na ndimu, hula urojo na mkate wa kumimina, nikawaachia wengine kamba kochi. Pweza wa usiku mtafute kwa muuza supu wa mtaani: anakatwa vipande kwenye kibao, chumvi, ndimu, pilipili ya kusaga, kijiti, na kikombe cha supu ya moto pembeni. Wanaume hunywa supu hiyo kwa matumaini yao. Mimi naisifu kwa ladha tu.

Pingwe, Michamvi, pana mgahawa wa The Rock, uliokaa juu ya jiwe baharini. Maji yakikupwa unakwenda kwa miguu, yakijaa unavushwa kwa mashua. Weka nafasi mapema, na ujue unalipia jiwe pamoja na samaki.

Mwezi wa Ramadhani hoteli za kienyeji hufungwa mchana, kula hadharani ni utovu wa adabu, na jioni vyakula bora vya mwaka vinatoka nje kwa pamoja. Ijumaa adhuhuri kila kitu husimama kwa sala. Panga hivyo.

Hatua ya 8: Nunua mwenyewe, upikiwe

Hii ndiyo njia ninayoipendekeza kwa familia au kikundi. Asubuhi nunua dikoni, akaparwe, kisha mpelekee mama mpishi kijijini au jiko la nyumba ya wageni unayolala, mkubaliane gharama ya kupika pamoja na mkaa, nazi na wali. Mwachie pesa ya nazi mkononi, na useme saa ya kula. Usitoe maelekezo mengi. Mwambie tu, "Bi mkubwa, pika unavyowapikia watoto wako, pilipili weka pembeni."

Ukipika mwenyewe pweza, mtie sufuriani bila maji wala chumvi, funika, moto mdogo. Atatoa maji yake mwenyewe, ya zambarau, na atasinyaa mpaka ufikiri umepunjwa. Akilainika, mkate, umwongezee nyanya, kitunguu, bizari, ndimu, tui jepesi kwanza na zito mwishoni. Chumvi ya mwisho, baada ya kuonja: pweza ametoka baharini na yake.

Hatua ya 9: Kumchukua hadi bara

Boti ya kwenda Dar huchukua kama saa mbili, lakini hesabu pia foleni ya bandarini na ya upande wa pili. Samaki atolewe matumbo na mashavu, aoshwe, akaushwe kwa kitambaa, kisha aingie kwenye deli, lile chombo la kutunzia baridi, na barafu iliyosagwa juu, chini na tumboni. Barafu isagwe, mabonge huacha nafasi. Dikoni Malindi unaweza kununua barafu na samaki mahali pamoja, kwa hiyo siku ya safari nunua asubuhi ile ile badala ya kumlaza chumbani. Toboa deli kishimo cha kutolea maji, maana samaki anayeogelea kwenye maji ya barafu iliyoyeyuka hupoteza ladha, na jirani yako botini atakuwa wa kwanza kujua kama hukukiziba kishimo hicho vizuri ulipopanda.